Chungu Kilichowekwa Mlangoni Pangu

Ukimwona mama amemfunika mtoto leso mbili mchana wa jua kali, usimwulize kama mtoto anasikia baridi. Mimi niliulizwa hivyo njia nzima kutoka Ganda hadi Malindi mjini, na kila aliyeuliza alikuwa akilijua jibu. Nilikuwa nikimficha mwanangu asionwe na macho yao.

Juzi nilimwona msichana mmoja kliniki, leso mbili vilevile, kaketi mwisho wa benchi peke yake, mtoto hatoi hata kidole cha mguu nje. Nilitaka kumwambia jambo, lakini akaitwa ndani kabla sijalipata neno la kuanzia. Ndiyo maana naandika. Ya madaktari watayasema madaktari wenyewe. Mimi nitasema ya benchi, ya wodi na ya nyumbani, maana hayo nayajua.

Kadzo wangu alizaliwa wakati wa vuli, mnene, mashavu yamejaa. Kwa desturi yetu Wagiriama binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo alikuwa Kadzo kama mavyaa wangu. Mavyaa hakumwita jina. Alimwita Somo, kwa kuwa ni mwenye jina moja naye. Asubuhi akitoka nyumbani kwake, kabla ya kunijibu shikamoo, alikuwa akiuliza, "Somo kaamkaje?" Nilikuwa nikicheka moyoni kwamba katika boma lile mimi ni mlango tu wa kumpitisha Somo.

Halafu ukaja ule mwaka mvua ilipokosa tukala unga wa njano. Waliokuwapo wanaukumbuka ule unga na harufu yake. Mahindi yalikauka yakiwa yananifika magotini, kunde hazikutoa hata ua. Surua ikapita vijijini. Kadzo aliugua, akapona vipele, lakini tumbo likabaki linaharisha, na kila alichokula kilipita kama maji kwenye pakacha. Maziwa yangu nayo yakapungua. Alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Akaacha, akawa wa kukaa, kisha akawa wa kulala. Nywele zikageuka rangi ya makumbi ya nazi. Uso ukawa wa kizee. Ngozi ya matakoni ikalegea mikunjo mikunjo kama suruali ya kuazima, na nilipokuwa nikimwogesha nilikuwa nikitazama pembeni.

Mume wangu, Katana, alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya watalii Malindi, akija nyumbani Jumamosi. Alileta sabuni, sukari, na mara nyingine mkate. Lakini tangu mtoto aanze kukonda, alikuwa akisimama mlangoni, anamtazama kwa mbali, anauliza, "Anaendeleaje?" kisha anakwenda kuketi nje. Hakumshika. Nilidhani anaogopa ugonjwa, kama wanaume wengi wanavyoogopa. Hata nikamhurumia.

Sasa lazima niseme jambo ambalo mgeni wa pwani hawezi kulijua. Kwetu mtoto mchanga akikauka hivi, ugonjwa una jina, nalo ni chirwa. Waswahili wa mjini husema mtoto amebemendwa. Maana yake ni kwamba mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, akarudi, akamgusa mtoto bila kuoga dawa. Baba anaweza kuwa ndiye, mama anaweza kuwa ndiye. Lakini mtoto hubebwa na mama, na macho hufuata aliyembeba. Katika wiki chache nilianza kuona wanawake kisimani wananyamaza nikifika. Hakuna aliyenitukana. Walisogea tu, wakanipa nafasi kubwa kuliko niliyoihitaji.

Nilikwenda kliniki ya Malindi kwa siri, nikisema nakwenda sokoni. Mzani ulikuwa umening'inizwa kwenye boriti barazani, na watoto wanavishwa kisuruali cha turubai na kutundikwa pale mmoja mmoja, kila mama akitazama mshale. Nilipofunua leso zangu, benchi lilitulia. Mama aliyekuwa kando yangu alimhamisha mwanawe kutoka goti la kushoto hadi la kulia, mbali na mimi. Sijamsahau, ingawa najua naye alikuwa akimlinda wake. Kadzo hakulia alipotundikwa. Alining'inia kimya, na mshale haukusogea sana.

Muuguzi alikuwa mtu wa bara, Sista Njeri. Alinitazama mimi badala ya mtoto. "Mama, wewe unapea huyu mtoto nini?"

"Uji."

"Uji na nini?"

Uji na uji.

"Huyu anaenda Kilifi, hospitali kubwa, alazwe. Kesho, si wiki ijayo. Umenisikia? Ukingoja utamzika."

Niliporudi nikamwambia mavyaa. Alisikiliza yote huku akimpepea Somo kwa ukingo wa leso yake, kisha akatikisa kichwa. "Hospitali watamdunga sindano. Mwenye chirwa akidungwa kabla hajapewa dawa ya nyumbani, hafiki jioni. Nimewaona kwa macho yangu, Sidi. Kwanza tumsafishe. Akishasafishwa mpeleke hata Mombasa."

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa akimpenda yule mtoto kuliko alivyonipenda mimi, na pengine kuliko alivyompenda Katana. Alikuwa akiliona jina lake mwenyewe linakufa hatua chache kutoka pale alipolala. Nilibishana naye siku nzima. Nililia, nikapiga magoti. Katana alikuwa ameitwa kutoka mjini, akaketi chini ya ukuta akichora mchanga kwa kijiti, hakuwa upande wowote. Na mimi singeweza kumtoa mtoto katika boma bila idhini yao; ningefika njiani ningerudishwa.

Basi tukaenda kwa mganga, upande wa Sabaki. Alikuwa mwanamke wa makamo, mvuta ugoro, mwepesi wa mikono. Simwiti tapeli, kwa sababu hakuwa tapeli. Alimshika Kadzo kwa upole, akamgeuza, akamkagua kama anavyofanya muuguzi yeyote. Alikuwa ameshachemsha majani ya dawa, yale maji tunayoyaita vuo, na mvuke wake ulijaa kibanda. Kisha akatuketisha wawili, mimi na Katana, magoti yakielekeana, mtoto katikati.

"Dawa yangu haifanyi kazi juu ya uongo," alisema. "Mmoja wenu alitoka. Simtaki huyo mtu wa nje, jina lake mkae nalo. Nataka mwenye kosa aseme 'ni mimi'. Akisha kusema, naanza."

Mimi sikuwa nimetoka popote. Tangu niolewe sikumjua mwanamume mwingine, na nilikuwa najua hivyo kama ninavyolijua jina langu. Nikamtazama Katana. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Kadzo alikuwa akipumua juujuu, mbavu zinaingia na kutoka, na baina ya pumzi moja na nyingine kulikuwa na nafasi ambayo kila mara nilidhani haitazibika.

"Semeni," mavyaa alisema nyuma yetu. "Mtoto anakwisha."

Nikasema, "Ni mimi."

Nilisema ili kikao kile kiishe nikapande basi. Nilisema kama mtu anavyotoa leso yake kumfungia mtu anayevuja damu, bila kufikiri atavaa nini kurudi nyumbani. Nilimsikia Katana akishusha pumzi ndefu. Nikadhani ni uchungu wa mume aliyesalitiwa, na nikamwonea huruma tena, mpumbavu mimi.

Mganga akamwogesha mtoto, akamfunga mzizi kiunoni. Akajaza vuo katika chungu cha udongo, akampa mavyaa. Mwenye kosa, alisema, atanawa humu mpaka viwikoni kila mara kabla ya kumshika mtoto, mpaka mtoto atembee. Vuo likipungua liongezwe majani yaleyale. Mavyaa akakipokea kwa mikono miwili. Hakunitazama.

Siku ya pili nilikuwa Kilifi. Nilikwenda peke yangu na mtoto na kifurushi cha nguo. Kwetu mtu akilazwa hufuatana na ndugu wa kumsaidia, lakini nani angefuatana na mimi baada ya neno lile? Mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kufa, na dada zangu wameolewa mbali.

Wodini walimpitishia Kadzo mpira mwembamba puani mpaka tumboni, wakawa wanammiminia maziwa ya unga yaliyochanganywa na sukari na mafuta. Kidogo kidogo, usiku na mchana. Mpira ulipotolewa, nilifundishwa kumnywesha kwa kikombe na kijiko: unagusa mdomo wa chini, unangoja afungue mwenyewe, unamwaga ubavuni mwa ulimi, unangoja ameze. Hulazimishi. Usingizi wangu ukawa vipande. Mwili wake ulikuwa haujui kujipasha moto, kwa hiyo nilikuwa namlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Nilikuwa sijawahi kuhisi mifupa ya mtu hai hivyo.

Siku za mwanzo alizidi kuwa mbaya. Hilo hakuna aliyeniambia mapema, na wewe nakwambia: siku za kwanza unaweza kudhani umemleta kufa. Usimtoe.

Muuguzi wa wodi alinieleza kwamba ni utapiamlo, umekuja baada ya surua, na kifua nacho kilikuwa na maradhi. Alieleza vizuri. Lakini mimi nilisikia neno moja tu, kwamba mwanangu hakulishwa. Nyumbani nilikuwa mwanamke mzinzi, hospitalini nikawa mama asiyejua kulisha. Niliketi kwenye kile kitanda nikajiuliza ni wapi duniani nilipo mimi mwenyewe, Sidi, ambaye hakufanya lolote kati ya hayo.

Kilichonitesa kuliko vyote ni kengele ya alasiri. Ikilia, ndugu wa wagonjwa wanaingia na vikapu, wodi inajaa harufu ya wali na samaki, na kila kitanda kinazungukwa na watu. Changu hakikuzungukwa. Watu wa vitanda vingine walikuwa wakinitazama, kisha wakinitazama tena. Basi nikabuni njia. Kengele ikikaribia nazoa nepi nakwenda kuzifua uani, chafu na safi pamoja, nafua mpaka wageni waondoke.

Kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja wa Ngomeni, Mwanaisha, Mbajuni, naye na mtoto wa kiume aliyekauka kama wangu. Siku moja nimebeba karai, akanishika mkono.

"Keti, nduguyangu. Nepi zako zishatakata tangu juzi. Utazitoboa."

Nikaketi. Dada yake alikuwa amemletea samaki wa kupaka na mkate wa mofa. Akanimegea bila kuuliza kama nataka. Nilikula huku machozi yakinitoka, naye akajifanya anadhani ni pilipili.

"Kwenu wauitaje ugonjwa huu?" aliniuliza baadaye.

"Chirwa."

"Ehee. Kwetu wasema nimembemenda mwana. Mume wangu yuko Lamu tangu kaskazi ianze kuvuma. Nimemwambia mamake, basi nambie nimembemenda na nani, na paka?"

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko kinauma mbavu. Nikamwambia yangu yote, hata lile neno nililolisema kwa mganga. Hakunipa pole. Alisema tu, "Hata mimi ningesema." Katika miezi ile yote, hayo ndiyo maneno pekee yaliyonikalia vizuri moyoni.

Baada ya siku chache shemeji zake walikuja kumtoa. Walisema mtoto anatosha sasa, na kazi zinalala. Hakuwa anatosha. Muuguzi alibishana nao ukumbini, lakini wakaondoka naye. Mwanaisha aliniachia chupa yake ya chai, akasema nitamrudishia Ngomeni. Nilikwenda miaka miwili baadaye. Nikaambiwa familia ile imehamia visiwani, hakuna aliyejua lolote kuhusu mtoto. Chupa ninayo mpaka leo, na mtoto yule simjui kama aliishi.

Katana alikuja mara moja. Alileta machungwa, akasimama upande wa miguu ya kitanda, mikono nyuma kama askari.

"Mama anakusalimu."

"Salamu zimefika. Mshike mwanao basi, ameanza kuwa na uzito."

"Mikono ina sabuni za kazini," alisema. "Nitamshika siku nyingine." Akaniuliza kama anakula, nikamwambia anakula, na kengele ya kutoka ikalia akaondoka wa kwanza. Siku hiyo nilikuwa mpweke zaidi kuliko siku ambazo hakuja mtu.

Mtoto anayepona, ukitaka kujua, huanza kwa hasira. Mwanangu alikuwa kimya muda mrefu, macho makavu, hata sindano haimlizi. Asubuhi moja nilichelewa na kikombe, akapiga yowe la kuamsha wodi. Nilitaka kuomba radhi, lakini muuguzi alikuwa anacheka. "Hiyo ni dawa, Mama Kadzo," alisema. "Amejua kudai." Siku kadhaa baadaye akaninyang'anya kijiko. Halafu akatabasamu, tabasamu la upande mmoja, lile la kabla ya surua, nikatoka nje nikaliegemea tangi la maji nikalia kwa sauti.

Walitufundisha kupika uani: uji wa karanga na maziwa, kunde zilizopondwa na tui la nazi, mchicha na dagaa. Vitu ambavyo nilivijua tangu utotoni lakini nilidhani ni vya wakubwa. Kadzo akawa anakula. Kila alipopimwa, mshale ulikuwa umepanda, na mama wa vitanda vingine walinipongeza.

Na hapo ndipo lilipoanza kunijia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Nyumbani watasema nini akirudi mnene? Angekufa, wangesema nilichelewa kukiri. Akipona, watasema kukiri kumemponya. Kila ratili aliyoongeza mwanangu ilikuwa ushahidi juu yangu. Nilikuwa nikifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, na sikuwa na mtu wa kumwambia, Mwanaisha amekwisha kwenda zake. Hata hivyo nilimwongezea kijiko.

Tulirudi mvua za mwaka zimeanza, njia ya Ganda ina utelezi na majani yamerudi. Mavyaa alituona tangu mbali. Akatupa jembe, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Akamchukua Somo mgongoni mwangu, akampima kwa mikono, akambusu miguu yote miwili. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Umeona, mkamwana? Ungesema mapema."

Chungu kilikuwa mlangoni pangu. Alikuwa amekijaza vuo jipya. Nikainama nikanawa mpaka viwikoni, majirani wakitazama, ndipo nikarudishiwa mwanangu.

Ikawa ndiyo maisha. Kabla ya kumnyonyesha, nanawa. Kabla ya kumlisha, nanawa. Mikono ikawa na harufu ya majani yale hata nikipika sima. Kisimani wanawake sasa walinisalimu, lakini kwa ule wema anaofanyiwa mtu aliyetubu. "Lisemwalo lipo," nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "na huyu angalau alisema mwenyewe." Nilikuwa na hasira iliyokuwa haina pa kwenda. Kuna siku nilitamani kukipiga teke kile chungu. Nikamtazama Kadzo anavyosimama kwa kushika ukuta, nikakiacha.

Jumamosi moja, jua bado liko juu, nilikuwa jikoni nasonga sima. Jiko letu lilikuwa la makuti, ukiwa ndani unaona nje vizuri, na aliye nje hakuoni. Mavyaa alikuwa kondeni. Kadzo alikuwa ameketi mkekani mbele ya nyumba akichezea kifuu cha nazi. Katana akaingia kutoka mjini. Akaweka mfuko chini. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akainama kwenye chungu changu, akanawa, mkono wa kulia mpaka kiwikoni, wa kushoto mpaka kiwikoni, taratibu, bila kuruka mahali. Akakung'uta maji. Ndipo akamwinua mwanawe juu, kwa mara ya kwanza tangu mtoto augue, naye Kadzo akacheka.

Mwiko ulinibaki mkononi. Sima ikaungua, na mimi naisikia harufu yake. Nikaikumbuka ile pumzi aliyoishusha kwa mganga. Nikaikumbuka mikono iliyokaa nyuma kule Kilifi. Aliketi pale, goti lake linagusa langu, anajua, akaniacha niseme ni mimi. Na anampenda mtoto huyu. Hilo nililiona pia kupitia makuti, na sikulitaka kuliona. Alikuwa na hofu ya kweli ya kumdhuru. Ila hofu ya kudharauliwa ilikuwa kubwa zaidi.

Nilimpakulia sima iliyoungua, akaila yote.

Kesho yake asubuhi nilimchukua Kadzo bila kunawa. Mavyaa alikuwa anafagia uwanja.

"Mbona hukunawa, Sidi?"

"Vuo limepungua, Mama. Na jana mimi sikuligusa tangu adhuhuri."

Akaacha kufagia. Akakitazama chungu. Akautazama udongo uliokuwa bado na alama za matone mahali ambapo mimi huwa sisimami. Kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameketi kizingitini akifunga kamba za viatu, na Katana hakuinua kichwa. Mavyaa hakuwa mjinga. Nikangoja, nikawa na tumaini kama mtoto.

Akaenda akakinyanyua chungu, akakimwaga nyuma ya mgomba, akakifudikiza. "Mtoto keshatembea," alisema. "Kazi yake imekwisha."

Kadzo alikuwa bado anashika ukuta.

Hapakusemwa zaidi. Kijijini jina langu lilibaki lilivyokuwa, maana hakuna aliyetoka kwenda kulisafisha. Nilimwuliza Katana mara moja tu, naye akasema, "Yamepita," nikajua sitapata kingine. Tuliishi, tukazaa wengine wawili. Wako watakaoniuliza kwa nini nilikaa. Nilikaa kwa sababu watoto walikuwa pale na shamba lilikuwa pale, na kwa sababu hasira nayo mtu huizoea kama kiatu kinachobana.

Wewe mwenye leso mbili, hiki ndicho nilichotaka kukwambia juzi. Mfunue mtoto. Watazame wanavyotaka, mzani hauna habari na macho yao. Wakikwambia useme neno ndipo wakupe njia, mimi siwezi kukuambia usiseme, kwa kuwa mimi nililisema na mwanangu yu hai. Lakini mtafute mtu mmoja umwambie ukweli, hata awe mgeni wa kitanda cha pili. Usibaki nao peke yako kama nilivyobaki nao mimi.

Limebaki moja. Miaka mingi baadaye mavyaa aliugua. Wanawe walikuwa wametawanyika na Katana yuko kazini, kwa hiyo nilimuuguza mimi. Alikonda mpaka nikawa namnyanyua kwa mkono mmoja, na nilipomwogesha niliiona mikunjo ileile niliyoijua. Alikuwa amekataa chakula. Nikachukua kikombe na kijiko, nikafanya nilivyofundishwa: nagusa mdomo wa chini, nangoja. Akafungua.

Asubuhi moja, katikati ya uji, akanishika kifundo cha mkono.

"Sidi. Wewe hukutoka popote."

"Hapana, Mama. Sikutoka."

"Nilijua tangu siku ile ya chungu."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo nusu ya maisha yangu, na yalipofika sikujua niyaweke wapi. "Sasa mbona hukusema?" nikamwuliza. "Ungesema neno moja tu kule kisimani."

"Ningesema, ningempoteza mwanangu," alisema. "Wewe ulikubali lolote usimpoteze wako. Mimi nami nilikuwa mama."

Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu siku ile sikuwa nimemsamehe, na alikuwa mtu wa kujua uongo. Nje nilimsikia Kadzo wangu, mtu mzima, mrefu kuliko mimi, akiuliza watu uwanjani somo wake kaamkaje. Nikachota kijiko kingine, nikagusa mdomo wa chini, nikangoja.